King Crimson: Albamu 13 za Bendi Iliyokuwa Ikivunjwa na Kuundwa Upya

King Crimson ilifanya mazoezi yake ya kwanza Januari 13, 1969, katika chumba kilichokuwa chini ya mkahawa wa barabara ya Fulham Palace, London. Walikuwa watu watano: Robert Fripp wa gitaa, Greg Lake aliyeimba na kupiga besi, Ian McDonald wa saksafoni, filimbi na vinanda, Michael Giles wa dramu, na Peter Sinfield, ambaye hakupiga ala bali aliandika mashairi, aliendesha taa za jukwaani na ndiye aliyeipa bendi jina. Julai 5 mwaka huohuo walipanda jukwaani katika bustani ya Hyde Park kabla ya Rolling Stones, mbele ya mamia ya maelfu ya watu, wakati bado hawakuwa na santuri hata moja sokoni. Tangu mwanzo, basi, bendi hii ilijulikana jukwaani kabla ya kujulikana madukani, na mvutano kati ya jukwaa na studio ndio unaoeleza njia ndefu ambayo albamu zake zimepita.

Albamu ya kwanza, "In the Court of the Crimson King", ilitoka Oktoba 10, 1969. Walijaribu kwanza kurekodi na Tony Clarke, mtayarishaji wa Moody Blues, lakini kazi haikwenda, wakaamua kujitayarishia wenyewe. Jalada lilichorwa na Barry Godber, mtaalamu wa kompyuta: uso mwekundu unaopiga ukelele, bila jina la bendi wala la albamu kwa mbele. Godber alifariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 24, na jalada hilo likabaki ndiyo kazi inayokumbukwa kwa jina lake.

Mlio unaotawala santuri hiyo unatoka kwenye melotroni, kinanda ambacho ndani yake hakina nyuzi wala mabomba. Kila kibao chake kimeunganishwa na kipande cha kanda iliyorekodiwa ala halisi, kwa mfano kundi la fidla. Mpigaji akibonyeza, kanda inavutwa na sauti inatoka. Zikipita sekunde kama nane kanda imekwisha, na hana budi kuachia ili ijirudishe nyuma. Chombo hicho kilikuwa kizito, kilipoteza tuni kila mara na kilikuwa balaa kukisafirisha, lakini kiliwapa vijana wasio na fedha uwezo wa kusikika kama okestra kamili. McDonald alikitumia kwa kiwango ambacho bendi nyingi za roki progresivu zilijitahidi kukifikia kwa miaka mitano iliyofuata. Upande wa pili wa mizani upo wimbo wa kwanza wa albamu, "21st Century Schizoid Man", wenye sauti ya Lake iliyokwaruzwa makusudi na sehemu ya katikati ambapo gitaa, saksafoni na dramu zinakimbia pamoja kisha zinasimama ghafla bila hata mmoja kuchelewa. Albamu ilifika namba 5 Uingereza. Desemba, wakiwa ziarani Marekani, McDonald na Giles walitangaza kuwa wanaondoka. Fripp alijitolea kujiuzulu yeye ili wao wabaki, walikataa.

Miaka miwili iliyofuata bendi iliishi zaidi studio kuliko jukwaani. "In the Wake of Poseidon" (1970) ilifika namba 4, juu kuliko ya kwanza, ingawa ilipangwa kwa kufuata ramani ileile: wimbo mkali mwanzo, wimbo mpole baada yake, melotroni mwishoni. Kipya ndani yake ni piano ya Keith Tippett, mwanamuziki wa jazi. Lake alikwishaamua kwenda kuanzisha Emerson, Lake & Palmer. "Lizard", ya Desemba 1970, iliimbwa na Gordon Haskell, na upande wake wa pili umejaa tungo moja ya zaidi ya dakika 23, inayofunguliwa na sauti ya Jon Anderson aliyeazimwa kutoka bendi ya Yes. Kwa muda mrefu wapenzi wa bendi waliiona imesongamana kupita kiasi. Hukumu hiyo ilipungua makali baada ya Steven Wilson kuichanganya upya kutoka kanda za awali, maana safari hii pembe na piano zilipata nafasi ya kupumua. Hata hivyo inabaki albamu ya kuheshimiwa zaidi kuliko kupendwa.

Mwimbaji aliyefuata, Boz Burrell, hakuwa mpiga besi. Fripp alimfundisha mwenyewe baada ya kukosa mtu wa kuridhisha. Kundi hilo lilitoa "Islands" (Desemba 1971), albamu tulivu kuliko zote. Sinfield akaondolewa muda mfupi baadaye. Jukwaani kundi lilikuwa na tabia nyingine kabisa, likipenda bluzi na jazi ya kelele. Ushahidi uko kwenye "Earthbound" (1972), iliyorekodiwa kwa kanda ya kaseti wakati wa ziara ya Marekani. Sauti yake ni mbaya sana, lakini hiyo ndiyo santuri ya kwanza iliyowaonyesha wanunuzi kwamba King Crimson ya jukwaani na ile ya studio zilikuwa bendi mbili.

Mwaka 1972 Fripp alianza upya kabisa. Alimchukua John Wetton wa besi na sauti, David Cross wa fidla, Jamie Muir wa ala za kugonga, na Bill Bruford, mpiga dramu aliyeiacha Yes katika kilele chake, mara tu walipomaliza kurekodi "Close to the Edge". Bruford aliacha mkate uliokwishaiva akaenda mahali ambapo hakuna aliyejua kitakachopigwa kesho. Muir ndiye aliyewafungua wenzake. Aligonga mabati, minyororo na takataka za kila aina, akitembea jukwaani kana kwamba anatafuta kitu alichokipoteza. "Larks' Tongues in Aspic" (1973) inaanza na vigongo vyake vikilia taratibu kwa dakika kadhaa kabla ya gitaa kuvamia. Melotroni ilikuwa bado ipo, lakini mapambo ya enzi ya Sinfield yalikuwa yamekwisha, na mashairi sasa yaliandikwa na Richard Palmer-James. Muir aliondoka mapema mwaka huo, akaenda kuishi katika monasteri ya Kibudha huko Scotland.

Waliobaki wanne walizunguka Ulaya na Marekani bila kupumzika, na sehemu kubwa ya kila onyesho ilikuwa muziki wa kubuni papo kwa papo. "Starless and Bible Black" (1974) ilizaliwa humo. Nyimbo mbili tu zilirekodiwa studio kikamilifu. Sehemu kubwa ya zilizobaki ilitoka kwenye onyesho la Novemba 1973 katika ukumbi wa Concertgebouw, Amsterdam, makofi yakiwa yamefutwa ili msikilizaji asitambue. Ni albamu ya studio iliyotengenezwa kwa kanda za jukwaani, na ukweli huo ulifichwa kwa ustadi mkubwa.

"Red" ilirekodiwa katika kiangazi cha 1974, Cross akiwa ameondoka, na jaladani zimo nyuso tatu tu. Wimbo wake wa mwisho, "Starless", unastahili kuangaliwa kwa karibu. Wetton aliuleta kwa ajili ya albamu iliyotangulia. Fripp na Bruford hawakuutaka. Sasa ukarudi ukiwa na zaidi ya dakika 12. Baada ya beti za huzuni, besi inaanza mzunguko wa mapigo 13, na Fripp anapiga noti moja tu, ileile, kwenye nyuzi mbili za gitaa. Anairudia. Bruford anaongeza mlio mmoja, kisha mwingine. Noti inapanda kidogo, inarudiwa tena, dakika zinapita na hakuna kinachofunguka, hadi mwishowe kila kitu kinalipuka kwa kasi na saksafoni zinaingia, mmojawapo wa wapigaji akiwa McDonald, aliyerudi kama mgeni. Ukali wa gitaa katika albamu hii ulitangulia mengi yaliyokuja kufanywa na wapigaji wa metali. Kabla haijafika madukani mwezi Oktoba, Fripp alikwishatangaza kwamba bendi imekwisha. Iliingia chati ya Uingereza kwa wiki moja, namba 45. Kwa wasikilizaji wengi wa leo hiyo ndiyo albamu bora ya King Crimson, na hukumu hiyo ni vigumu kuipinga.

Fripp alikaa kando kwa muda akisoma mafundisho ya kiroho ya J. G. Bennett, kisha akafanya kazi na wengine, ikiwemo gitaa la "Heroes" ya David Bowie mwaka 1977. Alipounda kundi jipya mwaka 1981 alimwita Bruford pamoja na Wamarekani wawili: Adrian Belew, aliyekwisha kupiga na Frank Zappa, Bowie na Talking Heads, na Tony Levin, ambaye mbali na besi alipiga ala iitwayo Chapman Stick, inayogongwa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Kundi lilianza kwa jina la Discipline. Baadaye tu ndipo Fripp aliporudisha jina la zamani, na Discipline likawa jina la albamu.

Hakuna melotroni humo. Fripp alivutiwa na gamelani ya Indonesia, muziki ambao kila mpigaji hushika kipande kidogo na wimbo huzaliwa vipande vinapofumana. Katika "Frame by Frame" magitaa mawili yanaanza na mzunguko mmoja wa noti 14 za haraka. Kisha moja linaacha noti ya mwisho na kuzunguka kwa 13. Yanaachana hatua kwa hatua, yanazidi kutengana, halafu yanakaribiana tena na kukutana mahali palepale yalipoanzia. Asiyehesabu husikia mng'ao unaobadilika tu. Belew alileta pia ucheshi, jambo lililokuwa adimu katika bendi hii. Kwa ajili ya "Thela Hun Ginjeet" alitoka na kinasa sauti kwenda mitaa ya Notting Hill. Vijana wa huko wakamshuku kuwa ni mpelelezi, na alipowaponyoka akasimamishwa na polisi. Alirudi studio anatetemeka akiwasimulia wenzake, na Fripp akaagiza arekodiwe bila kujua. Simulizi hiyo ndiyo inayosikika ndani ya wimbo.

"Beat" (1982) ilikuwa albamu ya kwanza ya King Crimson kurekodiwa na watu walewale waliorekodi iliyotangulia, miaka 13 baada ya bendi kuanza. "Three of a Perfect Pair" (1984) iligawa nyimbo nyepesi upande mmoja na majaribio upande mwingine, mgawanyo unaoonyesha kundi lililokuwa limeanza kuishiwa. Likavunjwa.

Mwaka 1994 wanne hao waliungana na Trey Gunn na Pat Mastelotto wakawa watu sita: magitaa mawili, besi mbili, dramu mbili. "THRAK" (1995) ina uzito wa "Red" pamoja na nyimbo nzuri za Belew. Bruford aliondoka miaka michache baadaye. "The ConstruKction of Light" (2000) ni baridi na yenye hesabu nyingi. "The Power to Believe" (2003) ilirudisha nguvu na nidhamu. Hiyo ni ya 13, na ndiyo ya mwisho ya studio.

Wakati huo orodha ya rekodi ilikuwa inakua upande mwingine. Mwaka 1992 Fripp na David Singleton walianzisha kampuni ya DGM, na Fripp alipambana kwa miaka kadhaa na waliokuwa mameneja wake kuhusu haki za kazi za zamani. Maonyesho yaliyokuwa yakizungushwa kimagendo kwenye kaseti yalisafishwa na kutolewa rasmi, usiku baada ya usiku, mji baada ya mji. Leo rekodi za jukwaani ni nyingi mno kuliko zile za studio.

Kundi la mwisho, lililoanza kuzunguka mwaka 2014, liliweka wapiga dramu watatu mbele ya jukwaa na wengine nyuma yao. Jakko Jakszyk aliimba, Mel Collins wa enzi za "Islands" alirudi na saksafoni zake, na nyimbo za 1969 na 1970 zilipigwa sambamba na za 1995 na 2000. Lilidumu miaka saba, muda mrefu kuliko makundi yaliyolitangulia, likatoa albamu kadhaa za jukwaani na hakuna hata moja ya studio. Onyesho lake la mwisho lilifanyika Tokyo, Desemba 8, 2021. Mwaka 2024 Belew na Levin, pamoja na Steve Vai na Danny Carey, walianza kuzipiga upya nyimbo za miaka ya 1980 kwa jina la BEAT, kwa baraka za Fripp na bila yeye kuwepo.