Jan Knappert
Jan Knappert (1927 – 2005) alikuwa mtaalamu wa lugha na fasihi kutoka nchi ya Uholanzi. Anajulikana hasa kwa utafiti wake wa tenzi za kale za Kiswahili na visa vya Mitume na mawalii wa Uislamu.

Maisha
Mwaka 1958 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leiden kwa tasnifu juu ya Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali. Utendi huo, uliotungwa na Bwana Mwengo wa Athumani wa Pate, unasimulia vita vya Waislamu dhidi ya Herekali, Kaisari wa Rumi. Mswada wake wa mwaka 1728 ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yaliyobaki. Baadaye Knappert alifundisha lugha za Kibantu katika Chuo Kikuu cha London.

Kazi
Vitabu vyake ni pamoja na Swahili Islamic Poetry (1971), Four Centuries of Swahili Verse (1979) na Islamic Legends (1985). Alitafsiri pia Kalevala, utenzi wa Wafini, kwa Kiswahili (1992).

Tathmini
Knappert alichapisha kwa herufi za Kilatini tungo nyingi zilizohifadhiwa kwa hati za Kiarabu, hivyo zikawafikia wasomaji wapya. Hata hivyo, wataalamu kadhaa wamemkosoa kwa makosa ya tafsiri na kwa kutoonyesha vyanzo vyake barabara. Kwa sababu hiyo, matoleo yake yanafaa kulinganishwa na miswada yenyewe.