Watoto wa Bukavu walivyoitumikia simu

Ukiingia kwenye kikao cha wazazi Bukavu leo, au ukipanda teksi ya kwenda Kadutu jioni, utasikia hukumu ile ile: watoto wameharibiwa na simu. Mimi nilianza kufundisha shule ya msingi Kadutu mwishoni mwa enzi ya Mobutu, na hukumu hiyo huniudhi kidogo. Si kwamba ni ya uongo. Imeruka sehemu kubwa ya hadithi, kwa sababu mtoto wa mji huu aliitumikia simu miaka mingi kabla hajaruhusiwa kuichezea.

Nianze na foni, kwani vijana wa sasa hawaijui. Simu za waya za posta ya Zaire, ONPTZ, zilikuwa zimekufa. Huko Kinshasa Miko Rwayitare alikuwa ameanzisha kampuni ya simu ya Telecel katika miaka ya 1980, lakini chombo kimoja kiliuzwa kwa maelfu ya dola na kilikaa mikononi mwa mawaziri na matajiri. Sisi wengine tulikuwa na foni: redio ya mawimbi mafupi iliyounganishwa na betri ya gari, waya wa antena umefungwa juu ya mti wa mwanzi, na opareta anayepiga kelele mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Kwa foni ndivyo wafanyabiashara wa Nyawera walivyozungumza na Shabunda, mahali ambapo barabara ilikuwa jina tu na ndege ndogo za Kavumu ndizo zilizopeleka chumvi na sabuni.

Foni haikuwa na namba ya mtu. Ukitafutwa na ndugu yako aliyeko Shabunda, opareta anatoka mlangoni, anamshika mtoto wa kwanza anayepita na kumtuma: kimbia kwa Mama fulani, mwambie saa nne awe hapa. Mtoto anateremka matope ya Kadutu mbio, anapanda tena, anapewa andazi. Kwa sababu hiyo watoto walijua habari za mji kabla yetu. Walijua bei ya kasiterite, walijua nani amefariki porini na mahari ya nani imekataliwa, maana kila kitu kilisemwa kwa sauti mbele ya watu, na kila sentensi iliishia kwa "ova", yaani zamu yako. Darasani wanafunzi wangu walikuwa wakijibu maswali ya hesabu kisha wanasema "ova" na kukaa.

Redio ya nyumbani nayo ilikuwa ya Papa. Kazi ya mtoto ilikuwa kuzianika betri juu ya mabati juani ili zikamue nguvu ya taarifa moja zaidi ya habari. Radio Maendeleo ilipoanza mwaka 1993, nyumba nzima ilisikiliza pamoja na jirani akasikiliza kupitia ukuta wa mbao. Vibanda vya video vya Kadutu, vyenye jenereta nje na mabenchi ya mbao ndani, viliwaiba wanafunzi wangu kwa Bruce Lee na Rambo, na mara nyingi nilikwenda kuwatoa huko kwa sikio. Sivisifu. Lakini giza la kibanda lilikuwa na watu wazima ndani yake, na mtoto wa miaka minane aliyekaa hapo saa za masomo alijulikana ni wa nani. Kesho yake mama yake alikuwa ameshaambiwa.

Simu ya mkononi yenyewe ilitufikia kwa njia ya pembeni. Rwandacell ilianza nchini Rwanda mwaka 1998, mwaka ule ule vita vya waasi wa RCD vilipoanza, na watu wa Nguba na Muhumba wakagundua kwamba karibu na Ruzizi wanaweza kukamata mawimbi ya Cyangugu. Celtel na Vodacom zilikuja Kongo baadaye kidogo, kati ya 2000 na 2002. Hata hapo, mtoto ndiye aliyepewa chombo akipandishe mlimani, anyanyue mkono, kisha apige kelele mtandao ukionekana. Nyuma ya darasa langu wavulana walifinyanga simu za udongo mwekundu, antena ikiwa spoku ya baiskeli, wakapigiana kutoka benchi hadi benchi.

Sasa nifike mahali ambapo wahubiri wetu wa maadili hawapiti. Mwanzoni mwa mwaka 2000 ratili moja ya tantali ilikuwa chini ya dola 50. Kufika mwisho wa mwaka ilikuwa imepita dola 300. Sababu ilikuwa mbali nasi: viwanda vya ng'ambo viligombea kapasita ndogo zinazowekwa ndani ya simu na kompyuta, na mwezi Machi wa mwaka huo Sony ilitoa PlayStation 2 huko Japani. Kusema haki, Australia iliuza tantali nyingi kuliko sisi, ila Australia ilichimba kwa mashine. Huko Numbi na vilima vingine vya Kalehe, na ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega penye sokwe, koltani, mawe yenye tantali hiyo, ilitolewa kwa sururu, beleshi na mabega. RCD waliotawala mji waliona utamu wake haraka: Novemba 2000 waliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya peke yake ya kuisafirisha nje.

Darasa la sita likaanza kuwa na mapengo. Kuelewa kwa nini, lazima ujue jinsi shule zilivyoishi wakati ule. Serikali ilikuwa imeacha kutulipa tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na mzazi ndiye aliyelipa "prime" ya mwalimu. Mtoto asiyelipiwa alirudishwa nyumbani. Katika miaka ya kawaida alizurura wiki mbili, mama akauza ndizi, akarudi. Mwaka ule aliyerudishwa nyumbani alikuta magari ya kwenda Kalehe yamesimama, na kaka yake juu ya mizigo akimwita. Kijana mmoja mrefu, mwerevu wa sarufi, alikuja kuniaga kwa adabu zote: "Mwalimu, minaenda Numbi. Nitarudia na telefone yangu." Alikuwa hajamaliza darasa la sita. Walimu wenzangu wawili nao walikwenda, na siwezi kuwalaumu.

Bei ilianguka mwaka 2001 kwa kasi ile ile iliyopandia. Baadhi ya watoto walirudi na viatu vipya, wengine na kikohozi. Yule wa sarufi sikumwona tena. Ndiyo maana nasema vifaa hivi viliwachukua watoto wa Kivu Kusini kwanza kama vibarua. Mtoto wa Tokyo alipokuwa akiambiwa azime mchezo akalale, wa kwetu alikuwa shimoni.

Kazi hiyo haikuisha mji ulipojaa simu. Ilihama tu. Chini ya miavuli ya Feu Rouge na Place de l'Indépendance waliwekwa watoto kuuza unité, yaani vocha, mpaka usiku. Umeme ulipokatika, na Bukavu hukatika sana ingawa bwawa la Ruzizi liko hapo hapo chini, wadogo ndio waliobeba simu za mtaa mzima kwenda penye jenereta kuzichaji, wakakaa kuzilinda zisiibiwe.

Lini basi simu ilitua mkononi mwa mtoto kama yake? Kwa nyumba nyingi nilizozijua ilikuwa mwaka 2020. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa ajili ya Covid, na baadhi ya shule za kulipia zikaanza kutuma masomo kwa WhatsApp. Mzazi aliyekuwa akimnyang'anya mtoto simu akaombwa na shule ampatie. Shule zilipofunguliwa, simu haikurudi mfukoni mwa Papa. Mtoto wa Muhumba akawa na kompyuta bapa yake. Wa Kadutu akawa na ile simu ya zamani ya mjomba yenye kioo kilichopasuka. Wote wawili wanaitazama peke yao, na hapo ndipo penye jipya. Foni ilikuwa ya mtaa, redio ya nyumba, video ya kibanda. Hii haina jirani wa kusikia kupitia ukuta.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe kabisa. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu katika shule za msingi na za kati. Nakubaliana na yote mawili. Mtoto wa miaka saba hana haja ya simu yake mwenyewe, awe wa Paris au wa Panzi, na anayenijibu kwamba inamtuliza mtoto wakati wa kula namwambia ampe ugali polepole.

Lakini tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025 na benki zikafungwa, pesa za familia nyingi hupitia kwenye simu, na bibi asiyejua kusoma humwita mjukuu amsomee ujumbe. Mtoto huyo anajua salio la nyumba, anajua nani ameomba na nani amenyimwa. Jioni anaambiwa amezoea simu mno.

Sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa hiyo, wazazi wenzangu, simu ya nyumbani irudishwe sebuleni, mbele ya macho ya wote, na mtoto wa mwavuli pale Feu Rouge arudishwe nyumbani kabla giza halijaingia. Kikao kijacho tuyajadili hayo mawili kwa pamoja.