L na kufuli: vitu mbili tunachanganya ku Land Cruiser, na vile vilizaliwa

Leo sitaongea siasa wala burse. Nataka tuongee ile levye ndogo iko kando ya levye ya vitesi ndani ya Land Cruiser, yenye herufi H2, H4, N na L4, pamoja na ile kibonye ya kuzungusha ku tablo, ambayo wengi wetu tunaiona kwa mara ya kwanza siku tunapata kazi ya tereni. Permi tuliipatia ku Corolla, mjini, kati ya rond-point na soko. Kisha wanakutuma Shabunda.

Mimi nilivunja gari. Tulikuwa tunatoka Bukavu kwenda upande wa Bunyakiri kuhoji watu, na papa shofere alinipa usukani ili nijifunze. Kwenye tope alishuka, akapima kina kwa fimbo, akaniambia niweke L, nifunge nyuma, niende polepole bila kusimama. Nikapita. Niliona nguvu ile ni tamu, basi nikaendelea vile vile. Tulifika kwenye kona kali ya mawe makavu, taa ya kufuli ikiwa ingali inawaka mbele ya macho yangu. Nikasikia kah! Chuma kinachopeleka nguvu kutoka katikati ya ekseli mpaka ku gurudumu la kulia kilikatika. Katika rapoti iliandikwa kwamba shofere ndiye aliyevunja, na walimkata mshahara miezi tatu. Nilikuwepo wakati rapoti inasomwa. Nilinyamaza, juu nilikuwa na kontra ya majaribio.

Baada ya pale nilianza kutafuta hivi vitu vilitoka wapi. Nilichokuta ni kwamba L na kufuli ya diferansieli ni dawa za magonjwa mbili tofauti kabisa. Hazikuzaliwa siku moja, hazikutafutiwa shida moja, na mtu anayezichukua kama kitu kimoja kinachoitwa "nguvu" lazima siku moja atavunja.

Tuanze na diferansieli yenyewe, maana ni ya zamani kuliko motokari ya benzini. Mwishoni mwa miaka ya 1820, Mfaransa Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa na mashine huko Paris, aliitengeneza kwa ajili ya gari la mvuke. Shida yake ilikuwa kona. Fikirini defile ya tarehe 30 juni: safu ya wanafunzi ikigeuka, yule wa ndani anakanyaga palepale, yule wa nje karibu anakimbia. Magurudumu mawili ya ekseli moja iko vile vile. Ukiyaunganisha kwa chuma kimoja kigumu, katika kona moja lazima liburutwe. Pecqueur aliweka meno katikati ili kila gurudumu lipate mwendo wake, huku yote mawili yakisukumwa kwa nguvu sawa.

Pale kwenye "nguvu sawa" ndipo shida yetu inaanzia. Gurudumu la kushoto likiwa ndani ya potopoto, halina pa kushika, kwa hiyo linapokea nguvu kidogo tu kisha linazunguka bure. Na diferansieli, kwa kuwa inagawa sawa, inampa na yule wa kulia kidogo ile ile, hata kama yeye amesimama juu ya jiwe zuri. Moteri ya dizeli ya litre 4.2 inaweza kulia mpaka kijiji kizima kitoke nje, gari haiendi hata hatua moja. Na hapa wengi wanashangaa: ukiweka H4, gari inayoitwa ya magurudumu manne inaweza kukwama kwa sababu ya mawili tu, moja la mbele na moja la nyuma, kama yote mawili yamekosa pa kushika. Nguvu iko ya kutosha. Kinachokosekana ni mshiko.

Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Waamerika walikuwa tayari na kamyo zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Jeffery Quad, iliyotoka 1913, ilikuwa hata na diferansieli zinazojibana zenyewe gurudumu moja likiteleza. Lakini zilikuwa nzito, polepole, za jeshi.

Kwetu Kongo, kuna watu waliokuja na jibu kubwa la matope kwa kukimbia magurudumu ya nyuma. Ni ile safari ya Citroën waliyoita Croisière noire, iliyoondoka Colomb-Béchar, Algeria, mwezi wa 10 mwaka 1924. Magari manane, wakubwa wao Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Nyuma walikuwa na minyororo ya mpira, kazi ya Adolphe Kégresse, Mfaransa ambaye mbele alihudumu ku magari ya mfalme wa Urusi na kutafuta namna ya kupita juu ya theluji. Kitu cha theluji kikaja kupita Stanleyville, Kisangani ya leo, na msitu wa upande wa Ituri, mpaka Uganda. Vitabu vinasifu minyororo. Haviongei sana juu ya watu waliofyeka na kulima njia mbele ya minyororo. Barabara nyingi za koloni zilichimbwa kwa jembe na mikono ya babu zetu, wengi kwa lazima, na hiyo nayo ni sehemu ya historia ya gari kupita.

Sasa L. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitaka gari ndogo, nyepesi, inayopita popote. Ndiyo jeep, iliyotengenezwa kwa wingi na Willys na Ford. Moteri yake ilikuwa ya litre 2.2 na nguvu za farasi 60 hivi. Kidogo! Kwa hiyo ndani ya boksi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma waliongeza meno mengine: ukivuta levye, mwendo unapungua karibu nusu, na nguvu ya kusukuma inazidi karibu mara mbili. Ni hesabu ile ile ya baiskeli yenye vitesi ukipanda mlima. Hakuna nguvu mpya imezaliwa, umebadilisha mwendo kwa msukumo. Na jeep ile haikuwa na kufuli ya diferansieli mbele wala nyuma.

Uingereza wakafuata. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa anatumia jeep ya vita ku shamba lake huko Anglesey, akaona wanaweza kutengeneza yao. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi wa 4 mwaka 1948, moteri ya litre 1.6. Kwa moteri ndogo vile, L haikuwa mapambo.

Ushahidi ulionifungua macho ni ule wa Toyota. Mwaka 1951 walitengeneza gari waliyoita BJ, na gari hiyo haikuwa na L! Ndiyo, babu wa Land Cruiser hakuwa na vitesi fupi. Walichukua moteri kubwa ya kamyo, silinda 6, litre 3.4, wakaweka na vitesi ya kwanza nzito sana. Mwezi wa 7 mwaka ule gari ilipanda mlima Fuji mpaka kituo cha 6. Kama L ingekuwa kitu cha kushika udongo, gari lile lingebaki chini. Kilichotakiwa pale kilikuwa msukumo wa polepole, na msukumo unaweza kutoka ku moteri kubwa au ku meno madogo. Jina Land Cruiser lilikuja 1954, na L ilifika na ile FJ40 ya mwaka 1960.

Na kufuli? Hiyo ilitoka shambani zaidi kuliko vitani. Mkulima akilima, gurudumu moja liko ndani ya mfereji wa udongo laini, lingine juu ya majani, na trakta inazunguka upande mmoja tu. Njo maana trakta nyingi ziko na pedali ndogo ya kukanyaga ili magurudumu ya nyuma yafungwe pamoja. Unimog ya Wajerumani, iliyoanza kutengenezwa 1948 kwa ajili ya wakulima, ilikuwa na kufuli mbele na nyuma. Kufuli inafuta kazi ya Pecqueur kwa muda: ekseli inarudi kuwa chuma kimoja. Yule wa potopoto hawezi tena kuzunguka bila mwenzake, na nguvu yote inaweza kwenda kwa yule aliye juu ya jiwe. Lakini ukifuta kazi ya Pecqueur, shida yake nayo inarudi: kona. Kwenye matope magurudumu yanateleza kidogo, hakuna kinachoumia. Juu ya mawe makavu hakuna kuteleza, kwa hiyo kitu lazima kikubali kupinda. Mimi nilikuwa ndani ya L, msukumo umezidishwa, ekseli imefungwa, kona kali, mzigo nyuma. Sasa mnaelewa ile kah.

Zaire ilipokuwa inazidi kupoteza barabara zake, wageni waliona jambo lingine. Mwaka 1983 mashindano ya Camel Trophy yalifanyika kwetu, na Land Rover. Njia ambayo mama anapitisha ndizi kwenda soko, wao walivuka bahari kuja kuitafuta kama mchezo. Kisha mwaka 1994 mashirika ya misaada yalijaa Goma na Bukavu baada ya wakimbizi wa Rwanda kuvuka, na Land Cruiser nyeupe ikawa gari ya ofisi. Kuanzia pale, kujua levye ndogo ikawa mkate.

Sasa kwa wanaojifunza. Muangalie ile kibonye ya kufuli ya Toyota: OFF, kisha RR, kisha FR RR. Waliipanga vile kwa makusudi. Unafunga nyuma kwanza, na mbele mwisho kabisa, juu mbele ikifungwa usukani unakuwa mzito na gari inakataa kugeuka. Funga mbele ya kuingia katika tope, gari ikiwa imesimama au inatambaa, hapana wakati gurudumu linazunguka kama feni. Ukitoka, fungua palepale, kisha uhakikishe taa imezimika. Wakati mwingine haifunguki mpaka usogee mita chache na kunyoosha usukani. Kwenye njia iliyolala upande uwe mwangalifu: magurudumu ya nyuma yakifungwa na kuteleza pamoja, mkia unashuka bondeni. Bila kufuli, mara nyingi moja linabaki limeshika.

Land Rover Defender inadanganya watu wa Toyota. Kufuli ya ku levye yake ni ya katikati, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, hapana kati ya kushoto na kulia. Nimeona mtu anaivuta akifikiri amefunga nyuma, anabaki anashangaa gurudumu moja linachimba. Na Land Cruiser nyingi za kazi ziko na vile vifuniko katikati ya magurudumu ya mbele vimeandikwa FREE na LOCK. Usiposhuka kuvizungusha kwa mkono, unaweza kuweka L4 na kuomba Mungu vyote pamoja, magurudumu ya mbele hayavuti.

L yenyewe inasaidia zaidi pale mnapoiogopa: kushuka. Teremko la Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, wanaolijua wanalijua. Mtu anashuka na vitesi ya tatu, freni inanuka, mguu unatetemeka. Weka L, vitesi ya kwanza au ya pili, kisha toa mguu ku ambreyaji kabisa, iache moteri ishikilie gari. Ukikanyaga ambreyaji katikati ya teremko umejiondolea moteri, umebaki na freni peke yake. Hapo huhitaji kufuli hata moja. Njia ikiwa kavu, kufuli itakupeleka ku ukingo.

Papa shofere aliyajua yote haya bila kusikia jina la Pecqueur. Siku ile alinipa maneno manne tu kwa sababu alifikiri msomi atajua wakati wa kufungua. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakujitetea mbele ya ofisi. Akasema: "Mtoto yangu, wangeamini nani?"

Niliandikia ofisi barua kueleza kwamba usukani ulikuwa mikononi mwangu. Jibu halijafika. Ile mishahara ya miezi tatu nilianza kumlipa mwenyewe, polepole; imebaki wa mwezi mmoja.