Alama za Jamii katika Majina ya Data: Kutoka LISP hadi Clojure, 1958–2016

Mwanafunzi yeyote wa lugha za Kibantu ajua kwamba nomino yaweza kubeba mwilini mwake alama ya jamii iliyomo. Ajua pia kwamba alama hiyo haiaminiki kila mara. Kifaru ana kiambishi cha KI-VI, lakini hapana Mswahili asemaye kifaru kimelala. Twasema kifaru amelala. Ndiyo sababu wale waliopanga ngeli kwa kufuata viambishi, kwa njia ya Meinhof, na wale waliozipanga kwa kufuata upatanisho wa kisarufi hawajapatana hadi leo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ubishi wa jinsi hiyo umetokea pia mahali ambapo wengi wetu hatukuutazamia, yaani katika lugha bandia za kompyuta, na hasa zile ziitwazo lugha za fanksheni.

Fanksheni, kwa maana ya wanahesabu, ni kanuni ipokeayo kitu na kutoa kingine. Lugha za fanksheni hujenga programu nzima kwa kuunganisha kanuni za namna hiyo. Kila kanuni hudai kwamba kile inachopokea kiwe cha umbo fulani: namba, orodha ya majina, kumbukumbu za mtu pamoja na umri wake. Madai hayo tutayaita hapa masharti ya data. Swali letu ni moja: mwandishi wa programu aliyapaje majina masharti hayo, na je, jina lilikuwa na nguvu gani mbele ya mashine?

Hatuna budi kuanza na LISP, ambayo John McCarthy aliianza katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1958 na kuieleza katika makala yake mashuhuri ya 1960. Majina yake ya kwanza hayakutokana na data kamwe, bali na chuma. Kompyuta ya IBM 704 ilikuwa na neno la biti 36, na ndani yake sehemu mbili za biti 15 kila moja, ya anwani na ya kipunguzo. Fanksheni itoayo kichwa cha orodha ikaitwa car, na itoayo mkia ikaitwa cdr, kwa vifupisho vya sehemu hizo mbili za mashine. IBM 704 ilikwisha kutupwa zamani, lakini majina yamebaki. Yamebaki, nadhani, kwa sababu yalikuwa na mofolojia: kutoka kwayo ziliundwa cadr, cddr na caddr, kila herufi ya katikati ikiwa hatua moja ndani ya orodha. Mzizi usio na maana ulipata uhai kwa kuzaa.

Alama ya kwanza ya jamii ilitokea katika LISP hiyo hiyo. Mwongozo wa LISP 1.5 wa mwaka 1962 una fanksheni kama numberp na zerop, ambazo huuliza kama kitu ni namba, au kama ni sifuri, na kujibu ndiyo au la. Herufi P ya mwisho yatokana na neno la Kiingereza ambalo sisi twaliita kiarifu. Lakini katika mwongozo huo huo zimo atom na null, ambazo nazo huuliza, wala hazina P. Hao ndio vifaru wa LISP. Mashine haikujali, kwake P ilikuwa herufi kama herufi nyingine. Ilikuwa ni desturi ya watu wala si sheria ya lugha, ingawa ilikolea hata watu wa MIT wakawa wanaitia katika mazungumzo yao, wakiulizana habari ya chakula kwa kubandika P mwishoni mwa neno.

Common Lisp, kama Guy Steele alivyoieleza katika kitabu chake cha 1984, ilijaribu kuinyosha desturi hiyo, na hapa mtaalamu wa mofolojia atafurahi. Jina likiwa neno moja, P hubandikwa bila kistari. Likiwa na kistari tayari, P hutanguliwa na kistari kingine. Basi mbona kuna string-lessp, fanksheni iulizayo kama mfuatano mmoja wa herufi hutangulia mwingine? Kwa sababu msingi wake ni lessp, nao umeongezewa tu neno la mbele. Ukiandika string-less-p utakuwa umeuliza kama kitu ni cha jamii ya “string-less”, jamii isiyokuwapo. Na ukiandika stringlessp, Mwingereza atadhani unauliza kama kitu hakina nyuzi. Kistari kimoja chaamua mpaka wa mofimu. Ni maelezo ya werevu, lakini kanuni inayohitaji utetezi wa namna hii ina kasoro. Scheme, iliyobuniwa na Gerald Sussman na Steele huyo huyo mwaka 1975, ilikuja kutumia alama ya kuuliza badala yake: null? ni swali kwa macho tu. Hata hivyo alama za kulinganisha, kama = na <, zikaachwa bila ya kiulizi.

Wakati huo huko Edinburgh, Robin Milner na wenzake walikuwa wakishika njia nyingine. Katika lugha yao ya ML, aina ya data haikuachiwa desturi ya mwandishi. Mashine yenyewe iliitafuta na kuihakiki kabla ya programu kutenda kazi. Aina isiyojulikana bado iliandikwa kwa nyota, na baadaye, katika Standard ML, kwa 'a, ambayo wenyewe huisoma alfa. Kisha mwaka 1980 Burstall, MacQueen na Sannella wa mji huo huo walitoa Hope, ambamo mtu aliweza kutangaza aina mpya kwa kuorodhesha vijenzi vyake. Huu ulikuwa upatanisho wa kisarufi hasa: mashine ilikataa sentensi isiyopatana.

Lakini Standard ML iliacha shimo moja. Tuseme nimetangaza aina ya taa za barabarani yenye vijenzi vitatu: nyekundu, njano na kijani. Naandika fanksheni kwa kutaja kila ruwaza na jibu lake. Ya kwanza ni nyekundu. Ya pili, ya mwisho, nakosea herufi na kuandika njanu. Kijani nimeisahau kabisa. Kwa macho ya Standard ML, njanu si kosa. Ni kigeu, yaani jina jipya lipokealo kitu chochote, kwani lugha hiyo haina alama ya kutenga kijenzi na kigeu. Laiti ningaliandika njano sawasawa, kompaila ingalinionya kwamba kijani haina jibu. Sasa imenyamaza, na kijani itajibiwa kama njano. Kosa la tahajia limefuta onyo la kosa la fikira. Watumiaji wa lugha hiyo walijikinga kwa desturi ya kuandika vijenzi kwa herufi kubwa, kama SOME na NONE katika maktaba yake sanifu. Lakini nil, true na false zilibaki kwa herufi ndogo, na desturi haimwonyi aliyeisahau.

David Turner aliligeuza jambo hilo kuwa sheria. Katika Miranda, iliyotoka mwaka 1985, kila kijenzi sharti kianze kwa herufi kubwa na kila kigeu kwa ndogo. Haskell, ambayo ripoti yake ya kwanza ni ya Aprili 1990, iliifuata na kuzidisha: majina ya aina nayo yakapewa herufi kubwa, na vigeu vya aina herufi ndogo. Andika Njanu, na kompaila itakuambia haimjui. Hapa umbo na upatanisho vimekuwa kitu kimoja, jambo ambalo Kiswahili hakijalifikia. (Katika Prolog, jirani wa lugha hizi, ni vigeu vinavyoanza kwa herufi kubwa. Alama ni ya kuchagua tu, kama Saussure alivyotufunza.) Haskell huruhusu pia aina na kijenzi chake kuitwa jina moja, Mtu kwa mfano, na mahali penye neno katika sentensi ndipo paonyeshapo maana, kama vile upatanisho utuambiavyo kama paa ni la nyumba au ni mnyama.

Hata hivyo palibaki tatizo ambalo herufi kubwa haikuliponya. Mtu ana jina, na mji una jina. Katika Haskell, sehemu ya kumbukumbu iitwayo jina ni fanksheni ya moduli nzima, hivyo aina mbili hazikuweza kuwa nayo pamoja. Watu wakaandika mtuJina na mjiJina. Common Lisp ilikwisha kufanya hivyo kwa mashine: ukitangaza muundo uitwao ship, wenyewe huzaa make-ship, ship-p, na kila sehemu huongezewa ship- mbele. Haskell ilipata nafuu katika kompaila ya GHC 8.0, mwaka 2016, kwa kibali cha pekee. Katika njia hizo zote, chombo ndicho mwenye jina, na kilichomo ni mtoto wake.

Mwezi ule ule wa Mei 2016, Rich Hickey alitangaza jawabu la kinyume katika Clojure, mjukuu wa LISP aliyemtoa hadharani mwaka 2007. Kabla yake maktaba iitwayo Schema, ya kampuni ya Prismatic, ilikuwa imetaja masharti kwa herufi kubwa. Spec ya Hickey iliyataja kwa maneno-funguo yenye ukoo: :mtu/umri, ambapo kilicho kabla ya mkwaju ni ukoo na kilicho baada yake ni jina, kama vile pwani Ali wawili hutengwa kwa jina la baba. Jina hilo ndilo liandikwalo ndani ya data yenyewe, na ndilo jina la sharti lake. Sharti la mtu halisemi umri ni nini. Lasema tu kwamba :mtu/umri sharti iwepo. Maana ni ya jina, popote litakapoonekana, na Spec huihakiki hata pale ambapo orodha haikulitaja. Na sharti la umri laweza kuwa int? tu, kile kiulizi cha Scheme. P ya mwaka 1962, iliyokuwa desturi ya ulimi, imekuwa sharti kamili la data.

Naona njia hii ni bora kuliko ya kumpa chombo umilki, ijapokuwa haikutimia. Data nyingi huja kutoka nje bila ukoo, na Spec ikalazimika kuweka mlango wa nyuma, :req-un, upokeao umri mtupu. Zaidi ya hayo, jina la ukoo linatumika kila mahali, na alibadiliye maana yake huvunja programu za watu asiowajua. Katika hotuba ya Desemba 2016 Hickey alishika msimamo mkali: sharti laweza kulegezwa kwa mwitaji, lakini maana ikibadilika, jina jipya litolewe na la zamani liachwe lilivyo. Lugha za wanadamu hazijapata kutii amri ya namna hiyo. Spec ilipotoka pamoja na Clojure 1.9, Desemba 2017, ilibeba katika ukoo wake neno la tahadhari, clojure.spec.alpha, kuonyesha kuwa bado yaweza kubadilika. Na waandishi wakalinakili neno hilo juu ya faili zao, moja baada ya nyingine.