Sharubu ya Paka na Redio ya Korbesa

Redio na paka wametoka mbali pamoja. Mwaka 1906 Mmarekani Greenleaf Whittier Pickard alipata hataza ya kinasa mawimbi: kipande cha silikoni kinachoguswa na waya mwembamba. Waya wa namna hiyo watu waliuita sharubu ya paka. Ukipata pahali pazuri pa kugusa, sauti inaingia bila betri wala stima. Mtu akitikisa meza, basi, unaanza upya.

Matangazo ya Nairobi yalianza 1928, yakiwalenga zaidi walowezi wa Kizungu. Redio za wakati huo zilikuwa masanduku ya valvu, zilikula umeme na kutoa joto. Paka yeyote mwenye akili angelala juu yake. Lakini mfugaji wa Korbesa, huko Merti karibu na Ewaso Nyiro, angeitoa wapi stima? Kwake mambo yalibadilika kwa sababu ya transista, iliyobuniwa 1947. Sasa redio ilikuwa ndogo, ilitumia mawe, na ungeweza kuhama nayo.

Na ilikuja wakati mgumu. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963; kabla ya mwezi kuisha, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa kaskazini. Redio Mogadishu ilihimiza kujiunga na Somalia, Sauti ya Kenya ikajibu. Katikati walikuwa watu wa Isiolo. Mifugo iliuawa na kutaifishwa, familia zikakusanywa kwenye vijiji vya kulindwa. Waborana wanauita wakati ule Gaafa Dhaabaa, siku za kusimamishwa. Malisho yalifungwa, safari zikafungwa. Mawimbi ya redio hayakuhitaji kibali cha kupita. Makubaliano ya Arusha yalikuja Oktoba 1967, lakini ng'ombe hawakurudi nayo.

Leo adui wa redio yuko ndani ya nyumba. Chaja ya simu, taa ya LED, kidhibiti cha sola: vyote vinaweza kukata na kuachia umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kila mkato unarusha mawimbi yake. Chaja nzuri ina kichujio cha kuyazuia. Ya bei ya chini mara nyingi imekipunguza au haina kabisa. FM huumia kidogo. Masafa ya kati na masafa mafupi, yale yanayosafiri mbali, ndiyo hujaa mzomo.

Dunia ililiona tatizo hili mapema. Kamati ya kimataifa ya kuweka viwango vya kelele hizi, CISPR, iliundwa 1934. Kiwango kiko kwenye karatasi, chaja iko dukani, na hao wawili hawakutani kila siku.

Sisi wa mjini tutasema, si usikilize kwa simu? Sawa, ukiwa na bando na mtandao. Mzee aliyezoea kusikia bei ya mifugo na habari za mvua kwenye masafa ya mbali anapoteza zaidi yetu, na hata hajui nani amemnyang'anya.

Kwa hivyo mkiwa nyumbani, washeni redio ya mawe, halafu chomoeni vifaa kimoja kimoja. Mzomo ukikatika, mmempata mwizi. Yule paka aliyelala juu ya betri ya sola mwacheni alale. Hana hatia.