Meli Zilizozama Ziwani na Majina Yasiyoandikwa



Sisi watu wa Kampala hatuna bahari, lakini tuna ziwa Nalubaale, na bandari yetu ya Port Bell iko hapo Luzira. Ni vizuri vijana wetu waijue historia ya misiba ya ziwa hili, maana ina mafunzo kwa kila familia.

Msiba mkubwa kuliko yote ni wa MV Bukoba. Asubuhi ya Jumanne tarehe 21 Mei 1996, meli hiyo iliyotoka Bukoba kupitia Kemondo ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430 tu. Hesabu rasmi ya waliokufa ni karibu 900.

Meli haikuzama papo hapo. Tumbo lake lilielea juu, na ndani yake walikuwemo watu hai. Waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe. Kumbe hewa iliyobaki ndani ndiyo iliyokuwa imeishikilia meli! Hewa ikatoka, maji yakapanda, meli ikazama. Wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini walisaidia kutoa miili, na wengi walizikwa Igoma, Mwanza.

Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. Wa daraja la tatu, yaani maskini, hawakuwa nayo. Je, hili lina maana gani? Mume asipoonekana, wala jina lake halimo popote, mke ataanza eda lini? Mirathi itagawanywa vipi? Katika fiqhi mtu huyo huitwa mafqudi, hajulikani kama yu hai au amekufa, na kesi yake huhitaji hukumu ya kadhi. Jina moja lililoandikwa bandarini lingeweza kumpunguzia mjane mzigo huo.

Tarehe 8 Mei 2005 zamu ikawa yetu. Meli mbili za Uganda za kubeba mabehewa, MV Kabalega na MV Kaawa, ziligongana, na Kabalega ikazama. Alhamdulillah, mabaharia wake waliokolewa.

Mwaka 2018 ulikuwa mchungu zaidi. Tarehe 20 Septemba MV Nyerere ilipinduka karibu na gati ya kisiwa cha Ukara, Tanzania. Iliruhusiwa abiria 101, lakini waliokufa peke yao walikuwa 228. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba, boti ya starehe ilizama upande wa Mukono, si mbali na hapa kwetu, na zaidi ya watu 30 wakafa. Nayo pia ilipakia kupita kiasi.

Ndugu zangu, tukisema tu "ni kadari" tunajidanganya. Ajali ni kadari, lakini kupakia watu mara mbili ya uwezo ni kazi ya mikono yetu. Tumeamrishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha tutawakali.

Basi unapokwenda Ssese na watoto, hakikisha majina yenu yote yameandikwa, hata la mtoto mchanga. Vaeni maboya tangu mwanzo wa safari. Mkiona chombo kimejaa, shukeni. Nauli iliyopotea hulipika.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia na awape subira wafiwa. Amin.