Ufa na Ukuta

Msomaji, ukisikia urithi wa mji ukitajwa, pengine fikira zako huenda kwenye magofu: kuta zisizo na paa, ambazo wapangaji wake ni popo. Lakini upo urithi mwingine ulio hai, wenye moshi jikoni na watoto mlangoni, na huo ndio mgumu zaidi kuuhifadhi. Gofu halihitaji bomba la maji wala chumba cha kijana aliyeoa. Nyumba ya watu yahitaji vyote viwili. Mfano mwema ni mji wa kale wa Lamu.

Lamu ni mji mdogo, lakini watu wameishi ndani yake kwa zaidi ya miaka 700 bila kuuhama. Nyumba zake za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba, kwa kuwa mti mfupi hauwezi kuvuka nafasi kubwa; kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Ndani, mafundi walipamba kuta kwa zidaka. Nje, walitia milango nakshi.

Serikali na dunia zimeutambua mji huu. Ngome yake, iliyomalizika kujengwa mwaka 1821 na ambayo baadaye ilifanywa gereza, iliacha kuwa gereza mwaka 1984 ikawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Mwaka 1986 mji wa kale ulitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa kwa sheria, na mwaka 2001 UNESCO ililiandika jina lake katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Je, heshima hizo zatosha? Hazitoshi. Sheria yaweza kumkataza mtu kubomoa ukuta, lakini haiwezi kumfundisha kuutengeneza. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, na lipu ya chokaa huuacha unyevu huo utoke taratibu. Mwenye nyumba akipaka saruji juu yake, huufungia unyevu ndani. Lipu hupasuka, na ukuta huliwa polepole. Mtu huyo hakukusudia uovu. Alitaka kuipendezesha nyumba ya baba yake, akaidhuru kwa kukosa ujuzi. Ujuzi huo umo mikononi mwa mafundi, na fundi akifa bila mwanafunzi, huzikwa nao.

Ndiyo maana ulinzi wa kweli hutoka kwa wenyeji wakikusanyika pamoja. Palipokusudiwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe katika bara ya Lamu, vyama vya wenyeji vilivyoungana kwa jina la Save Lamu vilipeleka shauri mbele ya baraza la hukumu za mazingira. Mwezi wa Juni 2019 baraza hilo liliifuta leseni ya mtambo, kwa sababu mojawapo kwamba wananchi hawakushauriwa ipasavyo. Hawakushinda kwa mali wala kwa nguvu; walishinda kwa kuujua mji wao na kusema kwa sauti moja.

Basi nawe, msomaji, usiseme kwamba mji wako hauna historia kwa kuwa hauna ngome. Una soko, kisima, stesheni, msikiti au kanisa la kwanza, na wazee wanaokumbuka. Ungana na wenzako mfanye chama. Waulizeni wazee kwa adabu. Andikeni majina na miaka. Mkisikia habari mbili zinazopingana, ziandikeni zote, kisha mtafute ushahidi. Fanyeni hivyo mapema. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaweza kuongeza kwamba ukuta wa mababu ukianguka, na waliojua kuujenga wamekwisha, hakuna awezaye kuusimamisha tena kama ulivyokuwa.